Karatasi Iliyorudi Asembo

Asembo Bay iko kwenye ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, katika eneo la Rarieda, kaunti ya Siaya. Msafiri wa leo huijia kwa barabara kutoka Kisumu au Bondo, lakini kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mlango wake ulikuwa ziwa. Reli ya Uganda ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901. Meli zilizoletwa kutoka Uingereza vipandevipande na kuundwa upya hapo Kisumu zikaanza kuvuka kwenda Uganda, na baadaye vyombo vidogo vya reli vikawa vinazunguka ghuba na kutia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay. Vilishusha bidhaa na watu, vikapakia mazao na watu, vikarudi. Hakuna aliyedhani kwamba bandari inaweza kuishi kwa kushushiwa mizigo tu. Lakini katika jambo jingine lililoufikia ufuo huu kutoka mbali, yaani elimu ya kumfundisha mtu asiyeweza kukaa mbele ya mwalimu, dhana hiyo ya upande mmoja imetawala kwa muda mrefu na imegharimu pesa nyingi. Ninachotaka kuonyesha katika historia hii ni kwamba mwanafunzi wa mbali hajawahi kufundishwa na chombo kilichomletea somo. Amefundishwa na mpango uliochukua kazi yake, ukaisahihisha na kumrudishia, na pale mpango huo ulipokosekana, chombo chochote kile, hata kilichopaa angani, kiliondoka bila kuacha elimu ya kutosha nyuma yake.

Mwanzo wa elimu hii wenyewe unaunga mkono dai hilo. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya bei moja kwa nchi nzima, na Isaac Pitman, mwalimu wa hatimkato, akaanza kuwatumia watu kadi zenye mazoezi. Vitabu vya kujifunzia hatimkato havikuwa kitu kigeni, na mtu angeweza kununua kimoja akajisomea. Jipya la Pitman lilikuwa kwamba mwanafunzi aliandika zoezi, akalirudisha kwa posta, na likamjia tena likiwa na masahihisho. Stempu ya peni moja ilikuwa na thamani kwake kwa sababu kwa bei hiyo safari zote mbili ziliweza kulipiwa. Vyuo vya posta vilivyofuata, Wolsey Hall ya Oxford mwaka 1894 na Rapid Results College mwaka 1928, vilijengwa juu ya msingi huohuo, na kutoka huko elimu ya barua ikaenea katika makoloni, ambako nafasi za sekondari kwa Waafrika zilikuwa chache mno kuliko vijana waliozihitaji.

Nchi ya Waluo ilikuwa na kiu hiyo kwa namna ya pekee. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906, iliwafungulia wengi mlango, lakini ilibidi iwafungie wengi zaidi. Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alikuwa mkaguzi wa afya na mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Nairobi alipojiandikisha kusoma uchumi kwa posta na Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini, kabla ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955. Barack Obama mkubwa, aliyekulia Kendu Bay na Alego, aliondoka Maseno bila cheti. Kwa simulizi ya familia yake, wanawake wawili Wamarekani waliokuwa Nairobi walimsaidia kufuata masomo ya posta hadi akafanya mtihani, na mwaka 1959 akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwaka huohuo Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilitoa vijitabu vyake vya Dholuo, Otieno Jarieko, vilivyokusudiwa watu wazima wanaojifunza kusoma, kimojawapo kikihusu njia bora za kulima. Watu hawa wawili walikuwa na vipaji visivyo vya kawaida, na si haki kuwafanya kipimo cha kila mtu. Hata hivyo wanaonyesha masharti yaliyohitajika hata kwa wenye vipaji: kozi yenye mtahini anayetambulika, na watu wa karibu wanaosukuma, wanaouliza umefika wapi, wanaojua ofisi gani inapokea fomu. Idadi ya waliolipa karo ya chuo cha ng'ambo wakakatishwa tamaa na ukimya haikuandikwa popote, na nadhani ilikuwa kubwa.

Uhuru ulibadilisha ukubwa wa tatizo. Tume ya Elimu iliyoundwa mwishoni mwa 1963 na kutoa taarifa yake mwaka 1964 na 1965, chini ya Profesa Simeon Ominde, mwanajiografia kutoka huku Nyanza, ilikuta shule za msingi zikiongezeka haraka huku sehemu kubwa ya walimu wakiwa hawana mafunzo au wana elimu ndogo sana. Kuwatoa darasani wote na kuwapeleka vyuoni kungezifunga shule. Hapo ndipo elimu ya posta ilipoacha kuwa jitihada ya mtu binafsi ikawa sera ya taifa. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo bado kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha Kitengo cha Masomo ya Posta kwenye kampasi ya watu wazima mjini Kikuyu, kwa msaada wa fedha kutoka Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Peter Kinyanjui, aliyekuja kukiongoza, ndiye Mkenya aliyeandika kwa uangalifu kuliko wengine kuhusu kazi hiyo. Lengo la kwanza lilikuwa walimu wa daraja la P3. Wangesoma kwa mtihani wa kidato cha pili, KJSE, na aliyefaulu angeweza kupandishwa kuwa P2.

Inafaa kukaa kidogo kwenye mpango huu, kwa sababu ulikuwa na kila kiungo, na kwa sababu waliokuja baadaye waliusahau. Mwalimu alipokea mwongozo wa kila somo pamoja na vitabu vya kiada. Alisoma jioni, baada ya darasa na shamba. Redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ilirusha vipindi vilivyokwenda sambamba na miongozo hiyo. Mwishoni mwa kila sehemu kulikuwa na karatasi ya mazoezi ambayo aliijaza na kuituma Kikuyu, mkufunzi akaisoma, akaandika maelezo pembeni, ikarudishwa. Wakati wa likizo wanafunzi walikusanyika kwenye vyuo vya ualimu kwa siku kadhaa, wakakutana na waliokuwa wakisahihisha kazi zao. Kwa mwalimu wa Asembo karatasi hiyo ilikuwa na safari ndefu. Ilipitia sanduku la posta ambalo mara nyingi lilikuwa la shule nzima au la misheni, ikaenda Kisumu, ikapanda hadi bonde la ufa na nyanda za Wakikuyu, ikarudi njia ileile. Kuchelewa ndilo lililokuwa lalamiko kuu, na lilikuwa la haki: masahihisho yanayofika mwanafunzi akiwa amekwisha kusoma sura mbili mbele yamepoteza nusu ya nguvu yake. Lakini angalia wapi ucheleweshaji ulipokuwa ukiumiza. Uliumiza katika urejeshaji. Hakuna aliyelalamika kwamba miongozo imekuja mingi mno au haraka mno. Wanafunzi wenyewe, kwa malalamiko yao, walikuwa wakieleza ni sehemu gani ya mfumo iliyokuwa ikiwafundisha.

Kuna msomaji atakayesema kwamba walimu hao walivumilia kwa ajili ya mshahara wa P2, si kwa ajili ya masahihisho. Ni kweli mshahara ulikuwa kichocheo, na sioni aibu yoyote katika hilo. Mtu mwenye watoto anayesoma kwa taa ya mafuta usiku ana haki ya kujua ataambulia nini. Lakini mshahara unaeleza kwa nini mtu alianza. Kufika mtihanini ni jambo jingine. Ng'ambo ya ziwa kuna ushahidi unaosaidia kutenganisha mambo haya mawili. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa katika mji ulio kwenye ziwa hilihili, liliifunga Tanzania kwenye elimu ya msingi kwa wote, na kuanzia 1976 nchi hiyo ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa vipindi katika shule za vijijini na kuwafundisha ualimu hukohuko kwa masomo ya posta, redio, na wakufunzi waliowatembelea au kukaa nao jirani. Makumi ya maelfu walihitimu. Ubora wao umebishaniwa tangu wakati huo, na ubishi huo una msingi, maana vijana wenyewe walianza na elimu ndogo. Ila kwa wingi wa waliomaliza, ni vigumu kupata mpango wa Afrika Mashariki wa wakati ule uliofanya zaidi, na tofauti yake na kozi za kujinunulia za ng'ambo ilikuwa kwamba mtu wa kumkagua mwanafunzi alikuwa wilayani, na jina la mwanafunzi alilijua.

Redio inadai nafasi yake hapa, na ufuo wa Asembo una haki maalumu ya kuizungumzia. Grace Ogot, mwandishi wa kwanza mwanamke wa Kenya kupata jina kubwa nje ya mipaka yake, alizaliwa Asembo mwaka 1930. Akiwa Uingereza katika miaka ya 1950 aliandika na kutangaza vipindi vya BBC vilivyolengwa Afrika ya Mashariki na Kati, na baadaye akawa na kipindi cha Dholuo kwenye Sauti ya Kenya. Sauti ya mtu wa nyumbani ikitoka kwenye kisanduku cha mbao ilikuwa na mamlaka ambayo kitabu cha Kiingereza hakikuwa nayo. Redio ilikuwa rahisi, haikuhitaji barabara wala ujuzi wa kusoma, na kiwanda cha betri cha Nakuru kilihakikisha kwamba mawe yake yanapatikana hata kwenye duka la kijijini. Idara ya vyombo vya elimu ya Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitengeneza vipindi vya shule kwa miongo mingi. Kasoro yake ilikuwa ileile kila mahali. Kipindi cha saa nne na robo kilirushwa saa nne na robo, darasa liwe tayari au lisiwe, na mtoto aliyekosa kuelewa sentensi ya pili alibaki nayo hadi mwisho. Tena betri za nyumbani zilikuwa na kazi nyingine, zikiwemo taarifa za habari na matangazo ya vifo, ambazo hakuna mzazi angeziacha kwa ajili ya somo la jiografia.

Lakini redio haikuwa lazima iwe ya upande mmoja. Australia ilikwisha kuonyesha hivyo mwaka 1951, ilipofungua shule ya redio Alice Springs kwa kutumia mitambo ya mawasiliano ya madaktari wa ndege, ambayo mtoto wa shamba la mbali angeweza kuitumia kuuliza swali na kusikiwa na wenzake. Tanzania ilifanya hivyo kwa njia nyingine katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vipindi vilirushwa kwa wote, ila msikilizaji alikaa kwenye kikundi chenye kiongozi aliyepewa mafunzo, wakajadili walichosikia na kuamua la kufanya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo vilichimbwa kwa wingi kiasi kwamba kampeni hiyo inatajwa hadi leo katika vitabu vya elimu ya watu wazima duniani kote. Redio ile haikuweza kumsikia mtu. Kiongozi wa kikundi ndiye aliyesikia.

Jaribio la kuvutia zaidi, na nadhani lililodharauliwa zaidi, lilifanyika Kenya kati ya 1980 na 1985. Mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza hadi ya tatu, uliotekelezwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya pamoja na washirika wa Marekani, ulichukua mbinu iliyobuniwa katika somo la hisabati nchini Nikaragua mwaka 1974. Siri yake ilikuwa ukimya. Mtangazaji aliuliza, kisha akanyamaza kwa sekunde zilizopimwa. Darasa zima likajibu kwa sauti. Kisha redio ikasema jibu sahihi, na kila mtoto akajua papo hapo kama amepata au amekosa. Hili liliendelea nusu saa nzima, jibu baada ya jibu, kila siku ya shule. Tathmini zilionyesha watoto hao wakiwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma Kiingereza. Redio ilikuwa ileile, masafa yaleyale, betri zilezile. Kilichoongezwa ni nafasi ya mtoto kutoa kitu na kurudishiwa hukumu juu yake, na hata urejeshaji huo wa kubuni, ambao haukujua kabisa mtoto amesema nini, ulitosha kubadilisha matokeo. Mwaka 1985 fedha za mradi zilikwisha, na mwaka huohuo mfumo wa 8-4-4 ukaanza na mtaala mpya. Mbinu hiyo haikupata makao ya kudumu katika shule za Kenya. Miaka thelathini na mitano baadaye, shule zilipofungwa ghafla, ingekuwa na thamani kubwa.

Kipindi kilichofuata kilikuwa cha vifaa. Mwaka 1997 chuo kikuu cha kufundisha kwa setilaiti kilichoanzishwa na Benki ya Dunia, African Virtual University, kilianza majaribio katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mihadhara ilitoka Marekani na Ulaya, na aliyetaka kuuliza alitegemea simu, faksi au baruapepe. Mwaka 2005 mpango wa shule za kidijitali wa NEPAD ulichagua shule sita za Kenya, mojawapo ikiwa Maranda, karibu na Bondo, jirani kabisa na Asembo. Mikongo ya mawasiliano ya SEACOM na TEAMS ikafika Mombasa mwaka 2009. Serikali iliyoingia 2013 iliahidi tarakilishi kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Baada ya mivutano ya zabuni na kesi, ahadi ikawa vishikwambi, vikaanza kusambazwa mwaka 2016, na hatimaye zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 21,000. Mpango huo ulifanya jambo jema ambalo halitajwi vya kutosha: ulilazimisha umeme, wa gridi au wa jua, kufikishwa katika shule za msingi ambazo zingeungojea kwa miaka mingine mingi. Kuhusu kufundisha, katika shule nyingi vifaa vilikaa vimefungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, na mwalimu mmoja mwenye watoto sitini hakuonyeshwa ni wakati gani angesoma walichoandika humo. Masomo yaliyowekwa ndani yalikuwa mazuri. Yalikwenda upande mmoja.

Machi 2020 ikaweka kila kitu kwenye mizani. Shule zilifungwa nchini kote kwa sababu ya korona, na wengi wa wanafunzi hawakurudi hadi Januari 2021. Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo sasa inaitwa KICD, ilifanya kazi kwa kasi ya kusifiwa: masomo kwenye Radio Taifa na Idhaa ya Kiingereza ya KBC, kwenye runinga ya EDU, kwenye YouTube na kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Mwezi Julai kampuni ya Loon, tanzu ya kampuni mama ya Google, pamoja na Telkom Kenya, ikaanza kutoa intaneti ya 4G kutoka kwenye maputo takriban 35 yaliyoelea kilomita ishirini juu ya ardhi. Eneo lake lilikuwa karibu kilomita za mraba 50,000 za magharibi na kati ya nchi, Kisumu ikiwemo. Hakuna teknolojia iliyowahi kuletwa karibu na ziwa hili iliyokuwa ya ajabu kiasi hicho. Hata hivyo, uchunguzi wa shirika la Usawa Agenda mwaka huohuo ulikuta kwamba karibu watoto 22 tu kati ya kila 100 walikuwa wakifikiwa na masomo ya kidijitali. Januari 2021 wenye Loon walitangaza kuifunga, na Machi huduma ikakoma Kenya. Sababu yao ilikuwa ya kibiashara: hawakuweza kupunguza gharama kiasi cha kuifanya biashara hiyo idumu.

Hapa pingamizi kubwa linasimama, na linastahili kusemwa kwa nguvu zake zote. Mtu anaweza kudai kwamba takwimu hiyo inaonyesha ukosefu wa miundombinu tu: wape watoto sabini na wanane waliobaki simu, umeme na bando, na tatizo limekwisha. Sikatai kwamba asiye na kifaa hafundishwi na kifaa, wala kwamba umaskini wa Asembo ni ukuta halisi. Ninachokataa ni hesabu inayofuata. Redio ilikuwemo katika nyumba nyingi kuliko simu za kisasa, na vipindi vilirushwa bure. Kama kupokea somo kungetosha, redio ya mwaka 2020 ingeziba pengo kubwa. Ilikuwa redio ya mtindo wa kusikiliza, mtoto akiwa peke yake, bila mtu wa kuona daftari lake, kwa muda wa karibu miezi kumi. Mzazi anayeamka alfajiri kungoja mashua ufuoni hawezi kulaumiwa kwa kutosahihisha hesabu za sehemu.

Ushahidi wa upande mwingine unatoka kwenye ufuo wa ziwa hilihili, kusini zaidi, Muhuru Bay katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ndiko mwalimu Mmarekani Toni Maraviglia alikoanzia wazo ambalo, akiwa na Mkenya Kago Kagichiri, lilikuja kuwa Eneza Education. Halikuhitaji simu ya kisasa. Mwanafunzi alibonyeza *291# kwenye simu ya mzazi, hata iwe simu ndogo yenye tochi, akapokea somo fupi kwa meseji, kisha swali. Alijibu kwa herufi moja na kuambiwa papo hapo kama amepata, na kwa nini. Akikwama aliweza kuuliza swali kwa maneno yake, na mwalimu wa kweli akamjibu. Kwa upande wa vifaa, huu ni umaskini ukilinganishwa na puto la anga za juu. Kwa upande wa kufundisha, ni mpango wa Kikuyu wa 1967 ambao ugonjwa wake wa kuchelewa umetibiwa. Safaricom ilipoufungua bila malipo kwa kipindi fulani mwaka 2020, ulikuwa miongoni mwa njia chache ambazo mtoto mwenye simu ya bei ya chini kabisa aliweza kusema kitu na kusikiwa. Mipaka yake iko wazi: herufi A, B, C au D haiwezi kubeba insha, wala kuonyesha mahali hoja ya mwanafunzi ilipopinda. Lakini ulianza mahali panapofaa.

Pingamizi la pili ni la gharama, na huletwa na watu wa wizara ambao lazima wafunge bajeti. Kurusha kipindi kwa watoto milioni moja hakugharimu zaidi ya kukirusha kwa elfu moja. Kusahihisha kazi za milioni moja kunahitaji wasahihishaji maelfu, kila wiki, milele. Ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu mipango ya vifaa niliyoitaja iliikata sehemu hiyo kwanza. Ila ulinganisho huo unahesabu waliotangaziwa. Ukihesabu waliojifunza, hesabu hugeuka. Kishikwambi kilicholala kabatini miaka mitano kina gharama kamili na faida sifuri, ilhali mkufunzi wa posta wa miaka ya 1970, kwa malipo madogo ya kila karatasi, alimtoa mwalimu wa P3 akawa P2 na kuwafundisha watoto kwa miaka ishirini zaidi. Bei ya elimu masafa ipimwe kwa mwanafunzi aliyefika mwisho wa kozi, na kwa kipimo hicho mikutano ya likizo iliyoonekana ya gharama kubwa ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu.

La tatu ndilo jipya. Sasa zipo programu za akili unde zinazosoma sentensi ya mwanafunzi na kumjibu kwa sekunde chache, kwa Kiswahili, na kwa kiasi kinachokua, kwa lugha nyingine za Afrika. Je, urejeshaji si umepatikana, tena bila mshahara? Kwa sehemu, ndiyo, na historia ya redio ya 1980 inanizuia kulidharau hili: kama ukimya uliopimwa kwa sekunde uliweza kusaidia, jibu linalosoma kosa halisi la mtoto litasaidia zaidi. Lakini kumbukumbu za ghuba hii zinaonyesha kwamba jibu sahihi lilikuwa nusu ya kazi ya mkufunzi. Nusu ya pili ilikuwa kujua kwamba mwanafunzi fulani wa Asembo hajatuma karatasi kwa majuma sita, na kumwandikia, au kumuulizia kwa mwalimu mkuu wake, au kumngoja likizoni. Programu hujibu aliyeuliza. Katika elimu masafa, wanaopotea ni wale walioacha kuuliza, na hao huhitaji mtu anayewatafuta, mwenye jukumu la kuwatafuta na malipo kwa kazi hiyo.

Watu hao wapo. Rarieda na Bondo, kama sehemu nyingine za Kenya, zina vijana waliosomea ualimu, wakasajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na wanaosubiri ajira mwaka baada ya mwaka huku wakifanya vibarua. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, kilipokuwa chuo cha ualimu zamani. Maseno, penye shule ya 1906, sasa kuna chuo kikuu chenye kampasi ya mtandaoni. Umeme uliofikishwa shuleni kwa ajili ya vishikwambi bado umo. Kinachokosekana kwenye zabuni za vifaa vya elimu, tangu za setilaiti hadi za sasa, ni mstari wa bajeti wa kumlipa mtu wa wadi kwa kila kazi aliyoisoma na kuirudisha ndani ya juma moja, na kwa kila mwanafunzi aliyenyamaza ambaye amemfuata hadi nyumbani. Zabuni inayofuata iandikwe mstari huo kwanza, kisha fedha zitakazobaki ndizo ziamue vifaa vinunuliwe vingapi na vya aina gani.